Mafundo Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Arobaini na tisa. Nimepima mara mbili, maana mara ya kwanza sikutaka kuamini. Kamba imeshuka mafundo arobaini na tisa kabla chuma cha mwishoni hakijagusa maji. Kila fundo mita moja. Mwezi uliopita yalikuwa arobaini na nane na nusu. Kisima chote kina mita sitini, na pampu inaning'inia mita tano kutoka chini. Sihitaji kalamu kujua kilichobaki.

Nikaandika kwenye fomu ya ofisi: 49. Ina safu moja tu ya namba, “Kipimo”, na mwaka wa sita huu naijaza mimi. Halafu nikafuta vumbi kwenye paneli za sola, nikawasha pampu, nikafungua geti. Dumu moja kwa kila mtu. Jirani yangu mshonaji akajaribu kupitisha la pili chini ya magauni ya wateja. Nikamrudisha. Akasema nina roho ya chuma. Nikamwambia chuma huliwa na kutu penye maji, kwa hiyo hapa petu nitadumu. Tulicheka sana, lakini dumu hakupata.

Mwaka wa tatu hatujaona mvua. Pacha wangu wana miaka minne, mmoja aliniuliza kama mvua huwa inauma.

Habari njema: Baba Pacha kapata kazi! Miezi saba mashine yake ya kuchomelea imekaa uvunguni. Anaunganisha bomba kubwa linalokwenda machimbo ya kokoto, huko wanataka maji ya kuoshea mawe. Nikamuuliza maji yanatoka wapi. Akasema hawajaambiwa, na mtu wa miezi saba haulizi.

Jumanne, 4 Machi

Sasa najua yanatoka wapi.

Karani wa ofisi ya maji alikuja asubuhi na kopo la gundi, shati limechomekewa, ananukia mpaka nzi wakampisha. Akabandika tangazo kwenye ukuta wa chumba cha pampu. Lina mchoro wa mstari mwekundu. Mstari unashuka, unashuka, halafu ghafla unaruka juu na kuendelea kupanda mpaka leo. Chini yake: maji ya kisima yameongezeka, kwa hiyo Alhamisi tarehe 13 bomba la machimbo litafunguliwa.

Yameongezeka! Foleni nzima ikasoma, kisha ikageuka kuniangalia mimi. Mshonaji akasema, kumbe dumu la pili lilikuwepo siku zote. Hakuwa anatania.

Nikamuuliza karani wameyatoa wapi hayo. Akasema kwenye fomu zangu, na akanipa mkono wa pongezi. Eti miaka sita iliyopita ofisi ilijenga matuta ya mawe kule korongoni ili maji ya mvua yatuame na kuzama ardhini. Mwaka huohuo kipimo kikaruka kutoka 22 hadi 38. Mkuu wake akapewa cheti cha kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Kimetundikwa ofisini, kina fremu.

Hayo matuta nayafahamu. Mbuzi hulala humo mchana.

22 ilikuwa namba ya mwisho ya baba yangu mzazi kabla hajastaafu kazi hii. 38 ilikuwa namba yangu ya kwanza. Nimekaa nazo kichwani kutwa nzima.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Baba. Nikamwomba daftari lake la vipimo. Macho yake yamekwisha nguvu lakini aliniambia liko wapi, rafu ya tatu, chini ya redio. Mwaka wa kwanza: 34. Halafu 33, 31, 30… mpaka 22. Zinashuka. Zangu zinapanda. Nikamuuliza alikuwa anapimaje.

Alishangaa swali. Unateremsha kamba mpaka chuma kikae chini kabisa, unaivuta yote juu, unahesabu mafundo yaliyolowa. Nikamwambia mimi huwa nasikiliza chuma kikigusa maji, basi, nahesabu yaliyoshuka. Makavu. Niliogopa kamba kujizonga kwenye bomba la pampu.

“Makavu?” Baba akasema. “Kamba kavu inamsaidia nani?”

Yeye alihesabu maji, mimi nikahesabu shimo. Kisima kinakauka, shimo linarefuka, namba yangu inapanda, na wenye ofisi wanapigiana makofi.

Nikamuuliza kwa nini hakunifundisha. Akajikuna kidevu. Sote tunajua kwa nini. Kazi ile aliitaka kwa kaka yangu, na waliponichukua mimi alininunia miezi mitatu. Nami nikanuna kwangu, nikasema nitajua mwenyewe, sikumwuliza hata siku moja. Haya, matokeo ndiyo haya. Vichwa viwili vigumu, na mtaa mzima katikati yake.

Mita kumi na moja! Toa tano za chini ya pampu, zimebaki sita.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilishindwa kwenda. Woga, niseme ukweli. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu, tena kwa maji ya kuogea, mjinga mimi.

Leo nimekwenda. Nikavaa viatu vya kufunika, nikabeba daftari la Baba na fomu zangu. Karani akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, nikaona namna alivyotupia jicho mlango wa mkuu, halafu akaufunga wa kwake. Akaniambia taratibu kwamba nikisema hivyo, maana yake cheti cha mkuu ni cha uongo. Na kosa ni langu, kwa hiyo atakayefukuzwa ni mimi, siyo mkuu.

Nikamwambia wanifukuze, lakini bomba lisifunguliwe.

Akanisukumia karatasi. Kibali cha kufungua bomba. Kuna mahali pa mhandisi, mahali pa mkuu, na mahali pa mpimaji. Akasema niweke sahihi, kazi yangu ibaki, hayo mengine yatarekebishwa kwenye ripoti ya mwakani. Ya mwakani! Nikamuuliza mwakani atakunywa nini. Akasema yeye kwake anachota kisima cha upande wa pili. Angalau hakudanganya.

Karatasi nimeondoka nayo. Sijatia sahihi.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba haina amani. Baba Pacha amesikia kwa wenzake kwamba mke wake anataka kusimamisha kazi. Wanaume kumi na wanne wanachimba mtaro ule. Aliniuliza awaangalieje usoni. Nikamuuliza ataniangaliaje mimi Agosti, bomba limeshamaliza kisima, dumu tupu mkononi. Akasema Agosti iko mbali, watoto wanakula Machi.

Hili ndilo linaniuma zaidi ya karani na gundi yake: Baba Pacha hana kosa. Ni mtu mzuri aliyechoka kukaa bure. Lakini nikinyamaza ili asinune, nitakuwa nimeyarudia yaleyale ya kwangu na Baba, na mara hii najua bei yake.

Chakula tumekula kila mtu na ukuta wake. Pacha wakaangaliana, kisha nao wakageukia ukuta, wakidhani ni mchezo.

Jumatatu, 10 Machi

Barua imefika. Nisipotia sahihi mpaka keshokutwa, Jumatano, nimejiondoa kazini mwenyewe. Imeandikwa kwa Kiswahili cha tai na koti: “kwa masikitiko makubwa”. Nimeikunja, nimeiweka chini ya mguu wa meza ya pampu uliokuwa mfupi. Meza imetulia.

Kipimo cha leo: 49 na robo.

Foleni hawanisemeshi. Nikasimama juu ya ndoo nikawaeleza yote, makavu, maji, Baba, mimi. Nikasema wazi kwamba kosa ni langu na la baba yangu. Wakasikiliza mikono kiunoni. Mzee mmoja fundi viatu akasema mimi na ofisi wote tunaongea namba, na namba hazinyweki. Mshonaji alikuwa mkali zaidi. Kama nilikosea miaka sita, kwa nini leo niwe sahihi?

Ni haki yao kuuliza. Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea, nikavua viatu, nikajitupa kitandani na vumbi langu. Halafu hasira zikanipanda. Nzuri, zile za kumwinua mtu. Kama hawataki namba, wataiona kamba.

Jumatano, 12 Machi

Lazima niandike yote.

Nilimleta Baba kisimani saa mbili asubuhi. Aliniomba nizime pampu, akapiga magoti mdomoni mwa kisima, akaanza kuteremsha. Haoni vizuri, ila vidole vyake vinajua bomba la pampu liko upande gani kuliko macho yangu. Aliipitisha kamba bila kugusa. Fundo la sitini, chuma kikakaa. “Njoo ushike,” akaniambia. Nikashika mbele ya mikono yake, nikausikia mwisho wa kisima kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Akanifundisha pale pale, kwa sauti, watu wote wakisikia. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la msamaha. Nami nikalipokea.

Tukaivuta yote. Kisha tukaitandaza barabarani. Ikaanzia getini, ikapita kwa fundi viatu, ikapita duka la sabuni, ikapita nguzo ya umeme, kavu. Kavu! Ilipofika kwa mshonaji, karibu na mwisho, ndipo ikawa na rangi ya maji. Kutoka mlango wake mpaka mwisho wa kamba: mafundo kumi na moja. Na matano kati ya hayo yako chini ya pampu, hakuna atakayeyanywa.

Fundi viatu akatembea kamba nzima, taratibu, kwenda na kurudi.

Mhandisi wa ofisi ya maji alifika na gari kufuata sahihi yangu, akabaki ndani, vioo juu, anaongea na simu. Jua la hapa halina subira. Kamba ikaanza kukauka. Nikaelewa, na nadhani yeye pia alielewa: dakika kumi tu, atakuta kamba moja kavu na mwanamke mmoja mropokaji. Nikakimbia kwenye gari nikagonga kioo. Akaninyooshea kidole, nisubiri.

Nilipogeuka nikamwona mshonaji. Alikuwa amevua ndala, amekanyaga fundo la kwanza lenye maji. Akaita watu. Fundi viatu akakanyaga la pili. Mwenye duka la sabuni la tatu. Mpaka watu kumi na mmoja wakasimama kwenye mstari, kila fundo na mtu wake, na kamba ikakauka chini ya miguu yao kwa raha zake. Mhandisi aliposhuka akamkuta kila mmoja mahali pake. Mshonaji akamwambia: “Maji yetu ndiyo haya. Tuhesabu.”

Alihesabu. Nilimwona midomo ikicheza. Halafu akasema ofisi haifanyi kazi kwa miguu ya watu, ina taratibu, na bomba litafunguliwa kesho saa nne, kwa sahihi yangu au bila sahihi yangu.

Baba Pacha alikuwa ng'ambo ya barabara na wenzake wa mtaroni. Aliangalia mpaka mwisho. Hakuvuka. Nyumbani aliwaogesha pacha kwa kikombe kimoja kimoja, akalala mapema.

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia nyuma ya fomu. Niko ndani ya chumba cha pampu. Nimekuja alfajiri, nimepitisha mnyororo kwenye geti na kufuli langu mwenyewe, lile kubwa. Kipimo cha leo, kwa njia ya Baba: kumi na robo tatu. Kwa njia yangu: arobaini na tisa na robo. Nimeandika zote mbili ukutani kwa mkaa, na maelezo, asije mtu mwingine akakosea.

Saa tatu. Watu wamejaa nje ya geti. Hawana madumu leo. Mdomo wa bomba la machimbo uko palepale ukutani, upande wa nje, wazi, unangoja kuungwa kwenye kisima. Bado kipande kimoja tu.

Saa tatu na nusu. Karani ameongea nami kupitia geti. Ameniita dada, mara ya kwanza. Amesema bado naweza kutoka kwa heshima. Nikamwambia heshima yangu niko nayo humu ndani, tunakaa vizuri. Nje wakacheka. Sauti ya Baba niliisikia ikicheka zaidi ya wote.

Naogopa. Niliandike na hilo. Naogopa, na sitoki.

Saa nne kasoro kumi. Mhandisi amefika. Amemwambia Baba Pacha awashe jenereta, akate kufuli, kisha aunge bomba. Nimechungulia kwenye ufa wa mlango. Baba Pacha amesimama na vifaa vyake, miwani myeusi iko kwenye paji la uso. Wenzake wa mtaroni wako nyuma yake, wanamwangalia. Mhandisi amerudia amri. Baba Pacha ameangalia kufuli. Halafu kamba, niliyoitandaza tena barabarani baada ya kupima. Halafu geti, muda mrefu.

“Mama Pacha,” ameita, “umekula?”

Nimesema bado.

Jenereta imewaka. Ameshusha miwani. Siwezi kuona uso wake sasa. Anasogea na mashine—hapana, amesimama ukutani, penye mdomo wa bomba. Anaongea na wale wenzake. Mmoja amekimbia kuelekea mtaroni. Mhandisi anauliza kinachoendelea, anauliza tena kwa nguvu zaidi.

Yule aliyekimbia amerudi. Kabeba bamba la chuma, duara, upana wa mdomo wa bomba.

Kukata kufuli hakuhitaji bamba.