Nyamhanga Aliapa kwa Ajili Yangu

Karibu na boma la Mzee Nyamhanga,
ng'ambo ya Kehancha,
Septemba 1966

Kwa dada yangu mpendwa Roseline,

Nakusalimu sana katika Bwana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, kile kifua kimepoa, na Teresa na wenzake wanakwenda shule bila kusukumwa na mwiko. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini wewe mwenyewe ulisema siku ya kuagana kwamba tumbo langu litafika kwa Wakuria kabla yangu. Basi furahi, siku hizi tunafika pamoja.

Najua akina mama wa kanisa wanangoja habari, maana ni ninyi mliochanga mahindi na kunishonea shati jeupe. Mliimba kana kwamba naenda mwisho wa dunia! Mchungaji naye alituambia, unakumbuka, kwamba watu hawa ni jirani zetu, tunauziana ng'ombe na kuibiana ng'ombe tangu babu zetu, ila hatujawahi kuwapelekea Neno. Alisema kweli. Katika kilima hiki hakuna hata kibanda cha ibada.

Lakini hakuna aliyeniambia jinsi ilivyo vigumu kuaminika ukiwa hutaki kitu. Waliniuliza kama nimekuja kununua ng'ombe, nikasema hapana. Kutafuta shamba, hapana. Kutafuta mke, na hapo Nyangi, mke wa mwenyeji wangu, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni akasema hilo hata wao hawakulidhani. Basi wakakata shauri wenyewe. Mtu anayeacha shamba lake wakati wa kupanda, akaja kukaa kwa watu wasiomjua na hataki chochote, lazima anaficha jambo.

Na mimi nisijifanye malaika. Niliwashuku vilevile. Nililala na pampu ya baiskeli chini ya kichwa. Wanawake wakicheka kisimani nilidhani wananicheka, na kweli walikuwa wakinicheka. Siku ya kwanza Nyangi aliponipa uji wa wimbi nilijifanya ni wa moto mno, nikingoja mwenyeji aonje kwanza. Yule mama aliliona hilo. Akachukua kibuyu changu, akapiga mafunda mawili makubwa, akanirudishia. Dada, uji ule ulinishinda kumeza kwa aibu.

Mwenyeji wangu Nyamhanga alipigana vita vya Waingereza huko Burma, ndiyo maana anasema Kiswahili, cha kijeshi, kila neno kama amri. Nadhani nimemzidi umri, lakini hapa mimi ni mtoto wake. Usicheke. Kwao mwanamume ambaye hakupita jandoni ni mvulana tu hata awe na mvi, na sisi Wajaluo unajua hatuna jando. Niliwaonyesha pengo la meno yangu ya chini, niliyong'olewa bila kulia, wakasema hata bibi zao hawana meno. Wazee walipoketi, mimi nilielekezwa kwa wachunga ndama. Huko ndiko nilikohubiri mahubiri yangu ya kwanza, yale niliyoyaandaa mwezi mzima, na ndama walisikiliza vizuri kuliko wachungaji wao.

Sasa nije kwa shemeji yangu, mume wako Maurice. Wewe ndiwe uliyemwombea aende nami. Ulisema, baada ya miaka yote ile ya pombe na minada, Bwana amemshika Maurice na lazima apewe kazi kabla hajaponyoka. Tulipofika alinipita kwa bidii. Kila jioni alikwenda boma la jirani, Mzee Mniko, kuimba na kuomba, na hakwenda mikono mitupu. Alibeba vichwa vya samaki wakavu wa Homa Bay akawarushia mbwa wa Mniko. Nilimsifu. Niliandika hata kwa mchungaji kwamba Maurice anapendwa mpaka na wanyama. Kisha tumbo likamuuma, akasema maji ya huku hayamfai, akarudi nyumbani.

Baada ya Maurice kuondoka, ng'ombe wa Mniko wakaibwa. Ng'ombe wote wa maziwa, na fahali mmoja mwekundu ambaye pembe yake imejikunja kuelekea jichoni. Mbwa hawakubweka. Mniko alisema mbele ya watu wote kwamba mbwa wake huwabwekea hata wakwe, na katika mwezi ule wageni waliowazoea ni wale wa kanisa tu. Akauliza kama huyu Yesu wao ana zizi upande wa Wajaluo.

Mimi nilimshuku ndugu mmoja wa Nyamhanga. Ana macho madogo na hanisalimii. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu wote, na niliuamini kabisa.

Wazee wakaitana. Nilisikia neno kiapo, nikajua saa yangu imefika. Nilikuwa nimeamua kwamba sitaapa kwa mizimu hata wanikate. Nikasimama nikatoa hotuba ndefu kuhusu imani yangu, Nyamhanga akitafsiri, nikamaliza kwa kunyoosha mikono kama mfiadini. Wazee wote wakaangua kicheko. Nyamhanga akanieleza, na yeye mdomo ukimcheza, kwamba hakuna mtu aliyenitaka niape. Mimi ni mvulana. Kiapo cha mvulana hakina uzito. Anayeapa ni baba wa boma analolala.

Akavua koti lake la jeshi, akashika nguzo ya zizi la Mniko, akaapa. Alisema mtoto huyu amekula kwangu, wala yeye wala aliyekuja naye hakuwaonyesha wezi njia ya zizi hili. Kama si kweli, kabla wimbi halijavunwa, nife mimi na kila chenye uhai katika boma langu. Nyangi alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Hakulia. Alinitazama tu, kama siku ile ya uji.

Nilimfuata nikamwuliza kwa nini amefanya hivyo na hanijui. Akasema nimelala kwake, na kama hanijui hilo ni kosa lake, alipaswa kunifahamu kabla ya kunipa mkeka. Dada, nimehubiri miaka mingi juu ya Mmoja aliyesimama mahali pa wengine, na nadhani nilikuwa nikihubiri kwa mdomo tu.

Tangu siku ile nikawa mlinzi wa pumzi zake. Niliwaambia watu kwamba kiapo kile hakina nguvu mbele ya Mungu aliye hai. Lakini Nyamhanga akikohoa, mimi jasho. Mbuzi wake akichechemea, nami nauchunguza mguu. Nyangi alinikuta nikimkagua kuku aliyesinzia, akaniuliza ni Mungu yupi hasa ninayemtegemea.

Majuzi nilikwenda mnada wa Ogwedhi kutafuta chumvi na sabuni. Kati ya mifugo nikaona pembe iliyojikunja kuelekea jichoni. Fahali mwekundu. Aliyemshika ni Walter, yule mchuuzi mwenye kofia ya manyoya mliyefanya naye biashara ya ngozi. Nikamwuliza amempata wapi. Alinikonyeza. Akasema niache kujifanya mtakatifu, amempata kwa shemeji yangu, na shemeji amesema tunagawana. Nikamwuliza wale ng'ombe wa maziwa wako wapi. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akasema niende nikanywe chai kwa dada yangu, nitaona maziwa yanatoka wapi.

Roseline, sijui Maurice alikuambia wale ng'ombe wametoka wapi. Labda alisema ni baraka ya utumishi. Najua wewe hukujua, na hilo nalisema bila kushuku, labda ndilo jambo pekee nisiloshuku mwaka huu.

Njiani kurudi nilifikiri kunyamaza. Niliipanga hoja vizuri: wakijua, mlango wa Injili utafungwa kwa kabila zima, jina la kanisa litachafuka, dada yangu atavunjika. Hoja nzuri, hata mchungaji angeipenda. Nilipofika, Nyamhanga alikuwa amelala mchana, jambo asilolifanya. Malaria tu, ninaamini ni malaria. Nyangi alikuwa amekaa karibu naye na hakuniuliza habari za mnada.

Basi nikaenda kwa wazee. Nikasimama upande wa wavulana, mahali pangu, nikamtaja mume wako. Nilitaja jina lake, jina la baba yake, na kijiji chenu. Ndicho nilichokuwa nikizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Nimemtoa Maurice, na nimekuumiza wewe, na hata ningerudi nyuma ningefanya vilevile.

Wazee walisema kiapo kitafunguliwa ng'ombe wakirudi kabla ya mavuno, wala si kwa maneno. Mniko akauliza nani atabaki mkononi mwake mpaka hapo. Nikasema mimi. Wakacheka tena, mvulana hawezi kuwa dhamana. Lakini Mniko hakucheka. Alisema huyu mvulana amemtaja ndugu yake mwenyewe, basi abaki. Kwa hiyo nakaa kwake sasa. Sijafungwa, ila baiskeli yangu imefungwa. Jana jioni Mniko alinitaka nimweleze tena, polepole, habari ya yule aliyesimama mahali pa wengine, na mbwa wake bado wananinusa kwa mashaka.

Sasa, dada, mtu aliyekuletea barua hii, ambaye bila shaka anakataa kukaa, ndiye Nyamhanga mwenyewe. Homa ilimwachia juzi na hakutaka kungoja. Hajui kusoma, lakini nilimsomea kila neno kabla sijaifunga. Wazee walitaka aje na vijana wenye mikuki. Alikataa. Alisema mwanamke hawezi kusoma habari kama hii akiwa amezungukwa na wanaume wenye silaha.

Kumfungulia zizi au kumfungia, uamuzi ni wako. Maurice ni mume wako na mimi siko hapo. Msalimie, mwambie sijamkataa, arudi huku nilipo kwa miguu yake mwenyewe. Salamu kwa Teresa na wadogo zake wote, na kwa akina mama. Shati bado ni jeupe upande wa mgongoni.

Mpe Nyamhanga maji. Usijilazimishe kusema naye upesi. Ukitaka kulia, lia kwanza. Amesema atangoja.

Mdogo wako,
Cephas