Mchezo Uliotumalizia, Baba

Mpendwa Baba,

Leo asubuhi Mama ametoboa siri yako, na tangu saa ile siwezi kutulia. Nimeunguza bukari, ugali wetu, nimecheka peke yangu jikoni, nimelia kidogo, na sasa nakuandikia. Siri yenyewe nitaifikia. Wewe ndiye uliyenigombeza utotoni kwa kuanza hadithi na mwisho wake.

Unakumbuka mwaka ule ulipoamua niache masomo, niende Kipushi kwa shangazi nikamsaidie kuuza samaki? Nililia wiki nzima. Mama alipokuuliza sababu, ulimjibu kwamba umeshasema, ukachukua kofia yako ukaenda kazini, kwenye tanuru za shaba.

Nilikimbilia kikundi cha michezo cha parokia. Mwalimu Ilunga, aliyekiongoza, hakuwa na karatasi za maneno. Tulikaa kwenye mabenchi tukakubaliana nani anataka nini, nani anamzuia na mambo yataishia wapi. Maneno kila mtu alijitafutia jukwaani. Nikapendekeza mchezo wa baba anayemtoa binti yake shuleni, kisha nikaomba baba niwe mimi. Nilikusudia kukukomesha, nakiri. Mazoezini nilinguruma, nikapiga meza, nikatembea kifua mbele, wenzangu wakavunjika mbavu. Mwalimu peke yake hakucheka.

"Ule haiko muntu," akaniambia. "Ni makelele tu. Utafute kitu anaogopa."

Nilirudi nyumbani Kampemba kwa miguu nikijiuliza: wewe, Baba, unaogopa nini? Ndipo nikakumbuka miwani. Kila barua ilipofika ulijipapasa mifukoni, ukasema miwani imebaki kazini, nami nikakusomea. Hukuwahi kuwa na miwani. Nikaelewa kwamba kila darasa nililopanda uliliona linanipeleka mbali nawe, na ulitaka kunizuia kabla sijaanza kukuonea haya. Hasira yote ikaniishia palepale barabarani.

Jumapili ya mchezo nilivaa abakosti yako, koti lako pekee la heshima, ambalo Mama alinipa kwa siri baada ya kulipinda mikono. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilipojipapasa mifukoni nikitafuta miwani, watu walicheka, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, maana wengi walikuwa na baba wa namna ile nyumbani kwao. Tulikuwa tumekubaliana kwamba binti atatoroka kwa treni. Alikwisha kubeba kifurushi chake uliposimama wewe, nyuma kabisa, na ovaroli yako ya kazi.

"Ule baba haiko mubaya," ukasema. "Iko na woga. Mutoto arudie ku masomo. Miye njo nasema."

Watu wakapiga makofi wakidhani nawe ni mchezaji. Binti wa mchezo alibaki amekumbatia kifurushi, hajui aende wapi. Mimi nilisahau kabisa kuwa mimi ndiye baba, nikaangua kilio, na masharubu niliyochora kwa makaa yakatiririka hadi kidevuni. Jumatatu nilikuwa darasani. Tangu siku ile mpaka unafariki hukuligusia tena jambo hilo.

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa uigizaji kwamba niliona kwa macho yangu mhusika akibadilika ghafla. Ghafla wapi! Mama anasema ulimkuta akipinda ile mikono ya koti, akakueleza mchezo wote, pamoja na ile habari ya miwani. Siku hiyo hukula. Kesho yake ulijifungia chumbani ukazungumza na kioo: mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kwa hotuba ndefu utadhani mkuu wa chama, mara ya tatu kwa maneno yale machache. Kisha ukatoka ukamuuliza kama watu watakucheka. Akakujibu kwamba watacheka kwanza. Nawe bado ukaja! Sisi wachezaji hatukuwa na hata karatasi moja, na wewe, mtazamaji, ulikuwa umeshakariri sehemu yako. Nakupenda kwa hilo, Baba, mpaka kiti hakikaliki.

Halafu lile koti. Siku zote nilidhani ulitoka zamu moja kwa moja, ndiyo maana ulisimama na ovaroli mbele ya padri na majirani. Mama anasema Jumapili ile hukuwa na zamu. Yeye alitaka kufumua uzi ili koti ulivae wewe, nawe ukamzuia mkono.

"Uache ivo," ukamwambia. "Mutoto avae."

Kesho nitawaeleza wanafunzi upya mhusika ni nini, na nitaanza na wewe. Nimelitoa koti sandukuni niende nalo. Mikono bado imepindwa, na inanitosha.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
aliyekuwa wewe Jumapili moja