Siku Tuliyozuia Lori la Kakuma

Kakuma, Ijumaa, 1974

Nauli imerudi ilivyokuwa, na sina furaha yoyote.

Asubuhi kule Lodwar mwenye lori alitangaza kwamba nauli ya Kakuma imekuwa mara mbili, eti petroli imepanda. Abiria wote tulishuka tukaketi mchangani mbele ya magurudumu.

Akai, jirani yangu wa hapa Kakuma anayeuza samaki wakavu, alikuwa nasi; alikuwa amekwenda Lodwar kununua mali. Jana alipata habari kwamba mama yake amezidiwa huku Kakuma. Nikamwambia, "Wewe panda tu, dada. Hakuna atakayekulaumu."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, mimi nikipanda leo, kesho mgonjwa atalipa nini kwenda hospitali?"

Sikumsihi tena. Kusema kweli nilipata nafuu moyoni, maana angepanda yeye, wengine wangemfuata.

Alasiri mwenye lori alikubali nauli ya zamani. Watu walishangilia, wakampandisha Akai mbele, karibu na dereva.

Tulifika hapa giza limeingia. Nje ya kwao watu walikuwa wamesimama. Dada yake akaja akatuambia mama amekata roho jua likizama, na kwamba mchana kutwa alikuwa akiuliza, "Akai amefika?"

Akai hakupiga kelele. Aliniomba nimshike mkono tuingie pamoja.

Ndiyo kwanza nimerudi nyumbani. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.