Mgeni Hapewi Ukoko

Mpendwa Bibi, mke mwenzangu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba leo asubuhi, baada ya utumishi mrefu usio na lawama, mabuti ya mpira ya serikali yamestaafu rasmi. Hafla ilifanyika uani, nyuma ya banda la kuku. Waliohudhuria ni mimi, jogoo, na kitukuu chako Mwajuma. Hotuba hazikutolewa. Jogoo alitaka kusema neno, akafukuzwa.

Unayakumbuka. Yote mawili yalikuwa ya mguu wa kushoto. Serikali haikuyadai, nami sikuikumbusha.

Nimeyatoa stoo kwa sababu Mwajuma, niliyempa jina lako siku ya arobaini yake, anaanza kesho kibarua cha likizo katika ofisi ya serikali hapa Kibiti. Nikamwambia ayajaribu. Akayatazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, siku hizi wanatoa mapya. Na wanatoa ya miguu miwili." Nikacheka naye. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani peke yangu. Ni woga uleule, Bibi. Nilidhani woga huo umekufa. Kumbe ulikuwa stoo, ndani ya mabuti.

Ndiyo maana nakuandikia. Hapa nyumbani hakuna wa kumweleza. Mume wangu ataniambia ninywe maji.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, kufuli lina kutu, na barazani pake mtu amepanga betri, sabuni za kunukia na mashati ya mitumba. Kila kitu kilikuwa ruksa kuuzwa na kila mtu alikuwa ruksa kununua, ila pesa tu ndizo hazikupata ruksa ya kutufikia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha tano, likizo ya Juni, nakaa kwa Mjomba hapahapa Kibiti. Mjomba akanitafutia kibarua katika ofisi moja ndogo iliyoshughulika na mikoko. Ukaletewa habari huko kwako Maparoni, deltani, nawe ukaniletea jibu kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki: "Mwambieni mke mwenzangu, serikali ni kama kiboko. Ukikutana nayo usikimbie, wala usiisalimie."

Wengine wakipata kazi hutumiwa kanga. Mimi nilitumiwa kiboko.

Siku ya kwanza niliogopa simu. Ilikuwa mezani kama chura mweusi, na nilijua italia nikiwa peke yangu. Niliogopa kiti, kwa kuwa kilizunguka. Niliogopa picha ya Rais ukutani, iliyonifuata kwa macho kila nilipokwenda kuchukua chai. Lakini zaidi nilimwogopa mkuu wa ofisi, ambaye watu wote walimwita Bwana Misitu, hata mkewe. Alikuwa kijana wa bara, mpole, sauti ya chini. Mtu mkali unajua pa kumkwepa. Mpole humjui.

Aliniuliza, "Kwenu wapi, binti?"

Nikasema, "Hapa Kibiti, kwa Mjomba." Haukuwa uongo. Ila haukuwa ukweli wote, na ile sehemu iliyobaki niliificha.

Kwa sababu ukutani, upande wa pili wa Rais, palikuwa na ramani. Mikoko ilipakwa kijani. Na ndani ya kijani, mahali ambapo kila mwaka ulipanda mpunga wako, mahali palipo na dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mpunga, ulimoniletea uji nikiwa sijaanza kusema vizuri, palichorwa vistari vya kalamu. Bwana Misitu akavigusa kwa kidole. "Hawa ni wavamizi," akasema. "Wiki hii tunakwenda kupaka mpaka. Wakishavuna, watoke. Wewe utabeba rangi."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimejifunza neno moja tu la kiserikali, nalo ni hilo.

Sikulala, Bibi. Nilikuwa napiga hesabu isiyo na jibu. Nikisema, "Yule ni bibi yangu," nitafukuzwa, na shamba lako ndilo litakuwa la kwanza kutajwa. Nisiposema, nitampaka bibi yangu nje ya shamba lake kwa mkono wangu, huku amekaa juu dunguni ananitazama. Na wewe ulikuwa huna kwingine. Babu, yaani mume wetu, alikuacha na shamba lile na mtumbwi mmoja, na mtumbwi ulikuwa umekwisha toboka.

Asubuhi tulipita dukani kununua rangi. Nyekundu, kopo kubwa, maandishi ya nchi ya mbali. Mwenye duka alisema ni rangi nzuri sana, imeingia sasa hivi tu. Bwana Misitu akauliza, "Inakaa?" Mwenye duka akajibu, "Mheshimiwa, ukishaipaka, huna kazi nayo tena." Tukaichukua. Tukateremka kwa gari mpaka Nyamisati, tukapanda boti ya mashine, nahodha Saidi, kijana mwenye meno mengi. Bwana Misitu alishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili na kuuliza kila baada ya kona kama hapa pana viboko. Saidi alijibu kila mara, "Leo sijawaona," jibu ambalo halikumsaidia mtu.

Tulipoingia mtoni kwenu, nikasikia sauti. Unajua ninachosema. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, madungu yote yana watu, na toka dungu la kwanza mtu akapiga ukelele kwa Kindengereko, dungu la pili likaupokea, la tatu likaupeleka mbele. Bwana Misitu akauliza, "Wanasemaje?"

Saidi akasema, "Wanafukuza ndege."

Mimi nilikuwa nimesikia kila neno. Walisema serikali inakuja. Walisema ni mtu mmoja wa bara na kopo. Kisha walilitaja jina langu, na jina la baba yangu, na wakalipitisha mbele, dungu kwa dungu, mpaka likatutangulia kwenye kona na sikulisikia tena.

Nikajua wewe umekwisha jua.

Hapo ndipo woga uligeuka. Mpaka dakika ile nilikuwa naiogopa serikali. Tuliposhuka kwenye tope, mimi na mabuti yangu ya kushoto, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Kibwana, jirani yako wa dungu la chini, aliyenifundisha kutupa kombeo. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia akitazama kopo: "Marahaba, mama. Karibuni wageni." Akapita. Mkewe akapita, akaitikia vilevile. Binti yake, niliyecheza naye kombolela, aliinamisha kichwa kama mtu anayepishana na jeneza.

Wageni. Wingi, na mimi ndani yake.

Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimebeba rangi. Nikamfuata Bwana Misitu, mguu wa kulia unajikunja ndani ya buti la kushoto, na kila mti alioniambia nipake nikapaka, kifuani pa mti, mraba mmoja. Tukaja hivyo mpaka kwenye mchu, ule mkoko mkubwa ulio mbele ya dungu lako.

Ulikuwa juu, umekaa mlangoni, kamba ya makopo mkononi. Ulinitazama kama unavyoitazama mvua ya mbali.

Bwana Misitu akaanza. "Bibi, habari za hapa. Sisi tumetoka ofisini, tumekuja kwa ajili ya hifadhi ya..."

Ukavuta kamba. Makopo yote ya shambani yakalia. Ndege wakaruka, wakatua tena.

"Endelea, mwanangu. Nilikuwa nafukuza ndege."

"Nasema, bibi, kisheria eneo hili..."

Ukavuta tena.

Mara ya tatu akanyamaza mwenyewe. Ukasema, "Umechoka, mwanangu, jua limekuwa kali. Pandeni juu, mle kwanza. Sheria haipoi." Kisha ukanigeukia, na kwa sauti ambayo maisha yangu yote sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu, ukasema, "Na wewe, binti wa serikali. Kwenu wapi?"

Wewe, Bibi, ambaye hukuwahi kuniita ila mke mwenza. Wewe uliyenituhumu mbele ya wageni wa harusi kwamba nimekuibia mume, nikiwa na miaka minane na mume mwenyewe hana meno. Wewe ukaniuliza kwetu wapi.

Bwana Misitu akanijibia. "Huyu wa Kibiti, kwa mjomba wake."

"Ahaa," ukasema. "Kibiti. Kuzuri huko."

Nikapanda ngazi nikijua nimekwisha kufutwa. Nilivua mabuti, nikakaa pembeni kabisa, pale mkeka unapoisha. Ukapakua. Bwana Misitu ukampa wali mweupe na kichwa cha samaki, heshima yake. Saidi ukampa wali na mkia. Kisha ukachukua mwiko, ukaushika kama jembe, ukakwangua chini ya sufuria kwa nguvu mpaka dungu likatikisika, ukanisukumia sahani mbele.

Ulikuwa ukoko.

Mweusi chini, wa dhahabu juu, umemiminiwa tui kidogo lilelile la kuulainisha, kama ulivyonifanyia tangu sijaota meno ya mbele. Nikautazama. Nikakutazama. Wewe ulikuwa unatazama ndege.

Bwana Misitu, kwa upole wake, akasema, "Bibi, mbona binti yangu umempa wali ulioungua?"

"Wakubwa kwanza," ukamjibu. "Yeye mdogo. Atakula kilichobaki."

Saidi akainamia sahani yake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mtu wa delta anajua: mgeni hapewi ukoko. Mgeni hupewa nyama, hupewa kiti, hupewa mpaka godoro. Ukoko ni wa mtu wa nyumbani, na tena si kila mtu wa nyumbani. Niliutafuna, na masikio yangu yalijaa kishindo cha kutafuna hata sikusikia Bwana Misitu alivyoendelea na sheria yake. Ndipo nikaelewa zile kelele za dungu kwa dungu. Hawakuwa wamenikana. Walikuwa wamekubaliana, mto mzima, kwamba hawanijui, ili nisipoteze kazi.

Lakini kazi ilikuwa bado ipo, Bibi. Tulipoteremka, Bwana Misitu akaelekeza kidole kwenye mchu wako. "Na huu." Nikashika brashi. Mkono ukagoma. Rangi ikanidondokea mguuni, tone moja, tone jingine. Nawe ukashuka ngazi polepole, ukasimama nyuma yangu, ukasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Paka sawasawa, binti wa serikali. Kazi ukiilipua itakurudisha." Ukalishika kopo. Ukanishikia kopo, Bibi, mpaka nikamaliza, nami nikasikia pumzi yako shingoni, ina harufu ya tumbaku, na ukaninong'oneza neno moja tu: "Kula."

Sijui ulimaanisha kula nini. Nilikuwa nimekwisha kula. Nimelifikiri neno hilo maisha yangu yote.

Nikarudi shule. Muhula mzima kila nilipofumba macho niliuona ule mraba mwekundu. Nilingoja habari kwamba wamekuja na mapanga, wameangusha dungu, na wewe umekaa juu ya furushi la nguo mbele ya nyumba ya Mjomba. Desemba nilipokuja Maparoni nilipita njia ya upande wa pili nisiuone mchu, na tangu hapo ikawa ndiyo njia yangu. Nikakukuta dunguni, mbegu za msimu mpya ziko kwenye kikapu, unagombana na kaa wanaokula miche. Nikauliza, "Bibi, hawajaja?"

"Nani?"

"Serikali."

"Ilikuja Juni," ukasema. "Ikala ukoko, ikaondoka." Ukacheka mpaka ukakohoa.

Hawakuja mwaka ule, wala uliofuata. Bwana Misitu alihamishwa. Ulilima pale mpaka mwili ulipokataa. Chuo sikufika, unajua. Niliyoyajua baadaye niliyasoma kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kwa kutazama watu. Na kwa kutazama kwangu nikajitungia maelezo. Nimewaambia wanangu kwamba ni lile jua, yule samaki na ule utulivu wako ndivyo vilivyolainisha moyo wa yule kijana, akarudi ofisini akaikunja ramani. Mwajuma amekua na hadithi hiyo. Nadhani ndiyo iliyomfanya aitake kazi yenyewe.

Na sasa anakwenda. Siku hizi kivuko cha Ndundu hakipo, pana daraja. Bodaboda zinafika mahali ambapo sisi tulifika na tope kiunoni. Lakini ramani zipo, Bibi. Vistari vipo. Na madungu ni machache, sauti haiwezi tena kuruka toka moja hadi jingine. Siku watakapompeleka mahali asikotaka, nani atapiga ukelele mbele yake? Nani atajifanya hamjui? Najua kupika wali. Lakini najuaje kuuacha uungue kiasi kile?

Nimeujaribu jioni. Umeungua wote. Mwajuma ameula, na alipomaliza akakwangua sahani.

Lala salama, Bibi. Ukimwona mume wetu, mwambie simdai kitu, abaki nawe.

Mimi,
Mke mwenzako mdogo

Nyongeza. Juzi nilikutana na Saidi wa boti sokoni, sasa ana meno machache. Anasema ile rangi ilikuwa ya maji. Maji makubwa ya bamvua la wiki iliyofuata yaliifuta yote.