Mshenga wa Kitabu

Elisabethville, Commune ya Kenya, 12 mwezi wa pili 1961

Bwana yangu Nkambo,

Jambo sana. Habari ya magoti, na habari ya mihogo yako? Sisi huku tuko wazima. Mama anakusalimu, baba, mwanao Rigobert, ananung'unika kama kawaida, kwa hiyo naye ni mzima. Usimwonee wivu Antoine anayekuletea barua hii katika lori lake la samaki. Yeye ana mke wake, na mimi nina wewe.

Tangu nilipozaliwa unasema mjukuu ni muke wa nkambo wake, wa babu yake. Basi mume hafichwi kitu. Nimeandika kitabu, Nkambo. Ni kitabu cha mapendo, kinaitwa *Moyo Hauna Kapita*. Claudine, binti wa kapita, msimamizi wa wafanyakazi wa reli, anapendana na Laurent, fundi wa cherehani, na baba mtu hataki. Kama utaona kwamba yule kapita ana tumbo na sauti ya mtu unayemjua, usikasirike. Wewe ndiye kapita pekee niliyemwona kwa karibu.

Nimekitunga usiku na Jumapili, baada ya kufundisha wanawake kushona pale foyer. Nataka kichapwe katika imprimerie ya misheni, na jina langu liwe juu yake. Mwaka huu sina haja ya kitu kingine, hata mchumba. Nakutumia sura ya kwanza. Niambie ukweli, lakini uuseme polepole.

Muke wako,
Annie

Kasomeno, 5 mwezi wa tatu 1961

Kwa muke wangu mdogo Annie,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Magoti yanalia wakati wa mvua, ila meno bado yanafanya kazi. Barua imefika ikinuka samaki, nikaisoma hivyo hivyo.

Tumbo la kapita nimelisamehe. Huyu Laurent ndiye simsamehe. Kwanza nilimsoma peke yangu, halafu nikamsoma kwa sauti pale malori yanapopumzika, maana nilitaka mashahidi. Anafika kwa Claudine, anapiga magoti, anasema, "Nakupenda." Mwanaume anapiga magoti kwa nini? Kwa kuwa ni fundi, nilifikiri amedondosha sindano. Wazee wake wako wapi? Shibukombe, mshenga wake, yuko wapi? Unajua mimi nimekuwa mshenga wa vijana wa reli hadi Sakania, na sikumwacha hata mmoja aende kujiombea mke kwa kinywa chake.

Hata hivyo, Antoine alichelewa kuwasha lori kwa sababu alitaka kujua Claudine atajibu nini. Na Ngosa, yule anayebeba chumvi, alinirudisha nyuma mara tatu kwenye maneno ya magoti, akisema anataka kuelewa ubaya wake. Tuma sura nyingine.

Bwana yako,
Nkambo Donat

Elisabethville, 20 mwezi wa sita 1961

Nkambo wangu,

Jambo, na pole kwa kimya changu. Natumaini afya yako ni njema. Yangu ni njema mwilini tu.

Sura zote ulizopokea ni nakala, kwa hiyo wasomee madereva wako bila hofu. Laurent atabaki chini kwenye magoti yake, mimi nampenda hivyo. Lakini leo sina nguvu ya kugombana juu yake.

Nilikwenda mwenyewe imprimerie. Nilivaa robe yangu ya bleu, nikaweka kitabu mbele ya Padri Mkubwa, nikajieleza vizuri kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Baada ya muda akaniita. Anasema kimeandikwa vizuri, watu watakisoma. Halafu akaweka masharti mawili. La kwanza, msichana ambaye hajaolewa hawezi kuweka jina lake juu ya kitabu cha mapendo, watu watauliza amejifunzia wapi. Anataka jina la baba yangu. La pili, katika sura ya mwisho Claudine afe kwa homa, ili wasichana wajue matokeo ya kumpenda mtu ambaye baba hamtaki.

Baba amekubali kutoa jina lake, tena kwa haraka iliyoniuma. Anasema hivyo nitakuwa nimefichwa, na binti akifichwa anaolewa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia hadi mama akaja kunitafuta.

Lazima nijibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Nikikataa, hakitoki. Nikikubali, kitatoka, lakini hakitakuwa changu, na Claudine wangu atakuwa kaburini. Ungefanya nini?

Mjukuu wako,
Annie

Kasomeno, 2 mwezi wa saba 1961

Muke wangu,

Habari ya machozi? Mimi niko mzima, ila hapa kuna msiba. Niliwaambia madereva kwamba Claudine atakufa. Ngosa alisukuma sahani yake ya ugali wa bukari, akasema hatakula tena mpaka mwandishi ajieleze. Antoine anauliza ni homa gani hiyo isiyokuwa na dawa.

Sasa nisikilize. Padri si mtu mbaya. Kosa ni lako. Ulikwenda mwenyewe, na robe ya bleu, ukajisifu kwa kinywa chako mwenyewe. Mtu anayejiombea hupewa masharti, maana hana wa kumjibia. Umefanya kama Laurent wako, tofauti ni kwamba wewe hukupiga magoti.

Nakuja mwanzo wa mwezi wa tisa na lori la Antoine. Kitabu chako nitakiombea mimi, kwa desturi. Wewe utabaki nyumbani, kwa sababu anayeombewa haonekani. Na usimjibu Padri neno lolote kabla sijafika.

Bwana yako,
Nkambo Donat

Elisabethville, 30 mwezi wa tisa 1961

Nkambo,

Uko wapi, na uko mzima? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Siku ile ulipokuja kuniombea kitabu, ulitoka imprimerie unacheka peke yako njiani, ukasema utanieleza ukishakula. Kabla ya chakula kuiva Antoine akaja kukuchukua, kwa sababu askari walikuwa wameanza kufunga njia. Kesho yake vita vikaanza, bunduki zikalia upande wa posta. Tulilala chini ya vitanda, mama akihesabu rozari na baba akituambia tunyamaze, wakati yeye ndiye aliyekuwa akisema. Tuko wazima wote, Mungu asifiwe.

Leo tu foyer imefunguliwa tena, na nimekuta neno kutoka imprimerie: "Mademoiselle Annie aje kutuona. Sahani ziko hapa." Sahani gani, Nkambo? Mama anatafuta sahani zake mbili nyeupe tangu ulipoondoka, na amekwisha kumshuku jirani. Ulifanya nini kule? Sitakanyaga pale kabla hujaniambia.

Annie wako mwenye hofu

Kasomeno, 15 mwezi wa kumi 1961

Muke wangu mwenye hofu,

Asante kwa kuuliza, nilifika salama, nimeketi juu ya magunia matupu ya samaki, na hadi leo mbwa wa hapa wananipenda kuliko zamani. Nimefurahi sana kusikia hamkuguswa. Sikulala vizuri mpaka barua yako ilipofika.

Mwombe mama radhi kwa niaba yangu, na mwambie jirani hana kosa. Nilichukua zile sahani, nikaweka bangili ya shaba katikati, moja juu ya nyingine, nikazifunga kwa kitambaa, kama tunavyofanya tukienda kuomba binti. Nilipofika niliziweka mbele ya Padri, nikaketi chini, nikapiga makofi. Wafanyakazi waliponiona hivyo, waliacha mashine. Nikasema:

"Padri, tulikuwa tunapita mu njia, tukaona moto unawaka mu nyumba yenu. Tunakuya kuomba moto."

Unajua kinachofuata kwa watu wetu. Sahani zinabaki zimefunikwa, wazee wanaulizana, binti anaulizwa, na wakikataa zinarudi kwangu hazijaguswa. Padri hakujua. Alifikiri nimemletea chakula. Akafungua kitambaa, akainua sahani, akaona bangili, akafurahi, akaivaa mkononi.

Mzee Mumba, yule anayepanga herufi, alipiga kigelegele kama mama arusi. Wengine wakapiga makofi. Padri akauliza:

"Mbona munacheka?"

"Padri," Mumba akamwambia, "ile sahani muntu anafungulaka kama anakubali tu. Weye umefungula, tena umevaa. Basi, umekubali."

"Nimekubali nini?"

"Kitabu ya Annie," nikamjibu.

Akawa mwekundu, halafu akacheka mpaka akavua miwani. Lakini usifikiri ni mtu mwepesi. Alifuta machozi, akasema masharti yake yanabaki pale pale. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nikamwambia, "Padri, kwetu bibi-arusi anaingiaka na jina yake. Sitakuletea Annie na kumuita Rigobert." Akauliza, "Na Claudine?" Nikasema, "Hatuombake mwanamuke juu ya kumuzika."

Alizungusha bangili mkononi mara kadhaa. Mwishoni akasema hivi: kama Laurent atatuma wazee kumwomba Claudine kwa baba yake, kama nilivyofanya mimi, hana sababu ya kumuua mwanamke aliyeombwa vizuri. Na aliyeandika ndiye ataweka jina.

Basi Laurent lazima ainuke. Nilimwambia hilo nitakubebea wewe, ingawa ulimi uliniwasha. Mshenga anabeba maneno, haamui. Amua wewe.

Bwana yako,
Nkambo Donat

Elisabethville, 22 mwezi wa kwanza 1962

Nkambo wangu mjanja,

Heri ya mwaka mpya. Hapa vita vilirudi mwezi wa kumi na mbili, vikapita, nasi tupo. Mama amepata sahani zake na anazionyesha wageni.

Barua yako ilinikasirisha siku nzima, kwa sababu ulikuwa na haki. Laurent ameinuka. Bunduki zilipokuwa zikilia nilikuwa chini ya meza nikiandika sura ya shibukombe wake, mzee mwenye tumbo na maneno mengi, na nilicheka peke yangu hadi mama akadhani woga umenipanda kichwani. Ndiyo sura nzuri kuliko zote, ninakubali, na sitalirudia neno hilo.

Niliiacha mezani. Baba akaisoma amesimama, halafu akaketi, halafu akamsomea mama kwa sauti. Jioni alikuja kwangu akasema, "Uondoe jina yangu. Hii, mi sikuandika. Muntu akiniuliza, nitasema ni ya mutoto wangu." Nkambo, nimemngoja aseme hivyo tangu nianze kuandika. Nililia tena nyuma ya nyumba, ila safari hii kwa furaha.

Sasa kinachokosekana ni karatasi ya kuchapia. Njia hazipitiki vizuri, Padri anasema tungoje. Bangili bado iko mkononi mwake.

Muke wako,
Annie

Kasomeno, 9 mwezi wa saba 1962

Muke wangu,

Natumaini uko mzima. Mimi ni mzima. Ngosa anasema kimya chako maana yake umemuua Claudine na unaogopa kutuambia. Andika upesi, bukari inapoa.

Nkambo

Elisabethville, 3 mwezi wa kumi 1962

Bwana yangu,

Claudine yuko hai, ana mtoto wa kike, na anaishi kati ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kitu ambacho Antoine anakuletea leo ndani ya koti lake, mbali na samaki. Mzee Mumba aliniita nione kikitoka. Nilikishika kikiwa bado na joto la mashine. Sina maneno mengine, Nkambo. Nilifikiri mwandishi hawezi kuyakosa.

Annie

Kasomeno, 11 mwezi wa kumi 1962

Kwa Annie Bwalya, mwandishi,

Jambo. Nina afya, nina kitabu, nina watu wengi mlangoni.

Sasa nikuambie kwa nini nilishikilia lile neno la jina, na ningelishikilia hata kama Padri angenirudishia sahani. Nkambo wako Bwalya, mke wangu, ambaye nilikupa jina lake, hakujua kusoma. Siku ya ndoa yetu kule misheni waliandika "muke wa Donat". Katika karatasi za kampani waliandika hivyo hivyo. Juu ya msalaba wake waliandika "Mama Rigobert", na mimi nilikuwa nimechoka na kilio, sikusema kitu. Nilimpenda mwanamke huyo miaka yote ile, na sikuona jina lake limeandikwa mahali popote.

Leo madereva walikaa tayari. Antoine amezima injini, Ngosa ameketi mbele kabisa. Nilisoma kwa sauti: Annie Bwalya. Nikasoma tena. Ngosa akasema, "Nkambo, endelea, tunangoja sura ya kwanza." Nikamwambia anyamaze kidogo, kwa sababu nilikuwa sijamaliza jalada.

Bwana yenu,
Nkambo Donat