Nafsi Tatu na Mjomba Mmoja

Jumamosi, Nachingwea. Joto la kabla ya mvua, lile linalokufanya ugombane hata na mlango. Nimefua, nimepika, nimepokea wageni wawili, na sasa nimekaa na kichwa kinachouma kwa sababu ya Mungu. Yaani kwa sababu ya mwili wake. Kama anao.

Samahani kwa kuanza hivyo. Nimechoka.

Kesho mwanangu anabatizwa. Ana miezi saba. Tangu akiwa tumboni nilishasema baba yake wa ubatizo atakuwa Festo, mdogo wangu, bwana shamba huko Ruangwa. Mume wangu ni Mmwera wa Narung'ombe, na kwao mjomba si mtu wa kupita tu kusalimia. Mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Mama mkwe anakuja kesho, na la kwanza atakalotafuta kwa macho ni mjomba yuko wapi. Sisi ni Wahehe, kwetu mambo hayaendi hivyo, lakini hili la mjomba nimelipenda. Nikaandika jina la Festo kwenye fomu ya kanisa, kwa wino, kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Tatizo ni kwamba Festo ni Mmormoni. Aliingia kanisa hilo la kutoka Marekani akiwa chuoni Dar, wakambatiza upya, akaacha chai kwa kuwa kwao ni mwiko. Nilidhani chai ndiyo ingekuwa shida kubwa. Ruangwa hana hata kanisa la kwenda. Jumapili anasali peke yake chumbani, amevaa shati jeupe na tai. Huwa namtania, ingawa moyoni namheshimu, maana mimi ningekuwa peke yangu sidhani kama ningeoga.

Mzee Hilari, katekista wetu, aliposikia hakufoka. Naye ni Mmwera, anajua uzito wa mjomba. Akasema atakuja leo aongee na kijana. Akiridhika kwamba bado anamkiri Mungu yuleyule, atakwenda kumwombea kwa paroko. Nikanunua soda.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Mzee akauliza kama Festo anamkiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Akasema anakiri. Ni nafsi ngapi? Nafsi tatu. Mzee akatabasamu, wakapeana mikono, mimi nikafungua soda.

Mambo yangeishia hapo. Mtu mwenye akili angekunywa soda yake.

Festo akaongeza. Hakuulizwa, akaongeza. Akasema nafsi tatu ni watatu kweli, kila mmoja mbali na mwenzake, ila wana nia moja, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa kama wetu, isipokuwa wake umetukuka. Mzee akaweka chupa chini taratibu. "Mwanangu," akasema, "hao sasa ni miungu watatu." Nami, badala ya kuokoa hali, nikawa nawaza kama ni watatu au mitatu. Ualimu wa Kiswahili ni ugonjwa.

Saa mbili nzima. Mzee anasema Mungu ni roho, mwenye mwili angewezaje kuwa kila mahali? Festo anauliza, Stefano alipopigwa mawe alimwona Yesu mkono wa kuume wa nani, na mkono utakuwaje bila mwili? Mzee anajibu kwamba hiyo ni lugha ya mfano, mbona Mungu anaitwa pia mwamba na hakuna anayemtafuta machimboni. Kisha akaanza kuchanganya na Kimwera, dalili mbaya. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba pikipiki inataka oili.

Mwishowe wote wawili wakanigeukia.

"Dada, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Nafsi ni nini?"

Nafundisha nafsi kila mwaka. Ya kwanza mimi, ya pili wewe, ya tatu yeye. Nikawaambia nafsi ya kwanza imechoka. Hawakucheka.

Lakini hapo nikaona kosa lilipo, nalo ndilo linaloniudhi. Kwa Festo nafsi ni kama darasani kwangu: mimi si wewe, wewe si yeye. Kwa Mzee nafsi tatu hazimgawi Mungu hata kidogo, anabaki mmoja kwa asili yake, na ukiuliza inawezekanaje anakwambia ni fumbo. Walipeana mikono juu ya neno tu.

Mzee akatoa ile fomu, akaazima kalamu yangu mwenyewe, akalikata jina la Festo kwa mstari mmoja ulionyooka. "Nisamehe," akamwambia. "Mtu hawezi kumsimamia mtoto kwa imani asiyoikubali." Kesho atasimama mwalimu mwenzangu wa hisabati, mtu mwema, ambaye mwanangu akimwona tu analia.

Nikiri: nilitaka Festo adanganye. Nilimfuata jikoni nikamwambia angenyamaza tu, nani angejua. Akanijibu, "Dada, nikianza na uongo kuhusu Mungu, huyu mtoto nitamfundisha nini baadaye?" Nikazidi kukasirika, kwa sababu hilo ndilo jibu la baba wa ubatizo.

Na mimi je? Miaka thelathini nakariri kanuni ya imani kila Jumapili huku nawaza mboga. Utotoni niliwahi kumuuliza mama kama Mungu ana mikono. Akasema wewe unayo, na vyombo havijaoshwa.

Sijui nani kati yao yuko sahihi. Nasali na Mzee Hilari na nitaendelea kusali naye. Ila jambo moja halikuandikwa kwenye ile fomu. Muda wote wa mabishano mwanangu alikuwa amelala begani kwa Festo, mate yanamchuruzikia kwenye shati, na Festo alikuwa anashusha sauti kila alipofika kwenye hoja kali.

Kesho maji yakimgusa atalia. Mwalimu wa hisabati atamtazama kama swali lisilo na jibu. Nimeshamwambia Festo akae benchi la pili, pembeni, na tai yake.

Habari za mwili wa Baba wa mbinguni nawaachia wenyewe. Mjomba wa mwanangu ana nyama na mifupa, na huyo ndiye nitakayemkabidhi mtoto anyamaze.