Bampa Niliyoishona Kama Kibuyu

Jumapili, Hombolo. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu jana.

Mimi sikusoma. Naisemea simu, nayo inaandika. Ikikosea, lawama ni yake.

Jana mwanangu Elia alikuja kutoka mjini kunieleza mipango ya harusi ya binti yake, Jumamosi ijayo. Akanywa chai, akasifu karanga zangu, halafu akaanza kutazama chini. Kumbe alikuwa na neno. Atanitumia gari la kukodi. Lile pikapu la marehemu baba yake libaki nyumbani. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama, wakwe zetu ni watu wa wizarani. Lile gari litatutia aibu pale getini."

Litatutia aibu.

Sikatai, limechakaa. Jua la huku limekula plastiki zote za nje mpaka zimekuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Bampa ya mbele imepasuka, na ule utepe wa mlangoni ulikuwa unaning'inia kama ulimi wa mbwa. Lakini injini ni nzima. Na ndilo lililompeleka yeye sekondari, na godoro lake nyuma.

Alipoondoka tu nikaenda kwa fundi wa pale njia panda. Akaniamkia vizuri, kisha akatoa kopo la oili chafu, eti aje nyumbani apake plastiki zing'ae. Nikamwambia ukipaka oili kwenye vumbi hili, kufika Ihumwa, hata mjini bado, gari litakuwa limevaa koti la udongo. Akacheka, akasema bibi kaa kivulini, haya mambo ni ya wanaume.

"Shikamoo umenipa," nikamwambia, "sasa nipe na masikio."

Nikanunua kwake msasa, gundi na rangi nyeusi isiyong'aa, nikarudi nyumbani.

Leo baada ya ibada nimefanya mwenyewe. Nimesugua plastiki kwa sabuni na brashi, zikakauka, nikapiga msasa, nikapaka rangi mara mbili. Utepe wa mlango nimeubandika kwa gundi na kuubana kwa kamba mpaka ushike.

Bampa nimeishona.

Marehemu mama yangu alikuwa anashona vibuyu vilivyopasuka, nami nilijifunza nikiwa nimekaa ubavuni kwake. Kwanza unatoboa tundu dogo la duara pale ufa unapoishia, ili usiendelee. Halafu unatoboa huku na huku kwa msumari wa moto, unapitisha uzi na kukaza. Mimi nimetumia waya mwembamba. Mshono unaonekana, ndiyo. Elia mwenyewe alikuzwa kwa maziwa ya kibuyu chenye mshono kama huo, na hakikuvuja tone.

Nikampigia simu nimweleze. Akauliza kitu kimoja tu: "Huo mshono unaonekana kwa mbali, mama?"

Nikakata simu.

Sasa niseme na la kwangu. Nilipokuwa napaka rangi mara ya pili, nilijikuta narudi nyuma hatua tatu, nalitazama gari kama hao wakwe watakavyolitazama. Mimi, na umri huu, nachutama juani kuwapendezesha watu nisiowajua hata sura. Hasira yote hii, kumbe ile aibu ninayo na mimi. Hilo limeniuma kuliko neno la Elia.

Na yule mpumbavu nampenda. Jana nimefura hivyo hivyo, bado nilimjazia zabibu kwenye buti la gari lake, na jogoo juu yake.

Lakini gari la kukodi silipandi, na dereva mwingine simtaki. Jumamosi asubuhi nitaoga, nitavaa kitenge changu kipya, nitaingia kwenye pikapu, kiti cha abiria, nifunge mlango. Ufunguo utakuwa umechomekwa mahali pake, pembeni ya usukani.

Elia aje aendeshe, au aje anitoe humo majirani wakiangalia.